Nilivyotaka Kuzima Mishumaa kwa Upepeo wa Jiko

Ninyi vijana mnaokuja Jumamosi kukata karatasi na watoto, kaeni kwanza, gundi haikimbii. Mimi nimestaafu, na mstaafu akikosa wa kumsimulia humsimulia paka, na paka wangu siku hizi akiniona navuta kiti anaomba kutoka nje, hata kukiwa na theluji ya kufika magotini.

Nilikuwa mtunza chumba cha ufundi katika kliniki moja ya watoto hapa Saint Paul. Watoto wenyewe mnawajua: huyu kazaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, yule sikio lake moja ni dogo kama ua ambalo halijachanua, mwingine taya limekua upande mmoja tu, mwingine ana baka jekundu kutoka kipajini hadi shingoni. Siku ya kliniki mtoto huzungushwa kutwa: daktari wa upasuaji, wa meno, wa masikio, mwalimu wa matamshi. Kati ya mmoja na mwingine kuna kungoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kwetu. Kazi yetu ilikuwa kumshughulisha mtoto kwa mkasi na rangi mpaka asahau kwamba anangoja.

Msidhani nilichaguliwa kwa ujuzi. Nilikuwa mfagizi wa jengo hilohilo, na jioni nikisoma shule ya watu wazima kule Frogtown. Nilipomaliza nilikuwa nimezeeka kiasi kwamba mwalimu ndiye aliyekuwa akiniamkia mimi. Cheti changu nimekitundika sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko televisheni, na mgeni wangu hapati hata maji ya kunywa kabla hajakisoma. Baada ya cheti hicho nikajiona nusu profesa. Hilo la uprofesa likumbukeni, ndilo litakalotufikisha kwenye mishumaa.

Siku yangu ya kwanza niliwekwa kukabiliana na mvulana mwenye taya dogo. Tulikuwa tumeonywa tusiwakodolee watoto macho. Basi mimi, mtu wa kutii kupita kipimo, sikumtazama kabisa. Nilitazama dari. Nilitazama saa ya ukutani. Niliyatazama makopo ya rangi kama mtu anayetaka kuyaposa. Huku macho yako darini, mkono unamimina gundi, na gundi ile, wanangu, ilikuwa ya kuunganishia meli. Nilipotaka kuinuka, meza nayo ikainuka. Yule mvulana akaniambia kwa Kiingereza, maana wote hujibu kwa Kiingereza hata uwaamkie kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka namna gani:

"Ungekuwa unanitazama mimi, ungeona unamwaga wapi."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Babu Gundi. Shati lile halikupona.

Aliyelikata shati na kunitenga na meza ni Bi Mai, mama wa Kihmong, mhamiaji kama mimi, mdarizi hodari, ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba kabla yangu. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu wa tumbo moja, vyote viwili vilichechemea, kwa hiyo tulielewana sana. Alinisogezea kiti kutoka mbele ya mtoto akakiweka ubavuni. "Hapa," akasema. "Mkasi, wote tazama mkasi. Yeye sema, wewe tazama yeye." Hiyo ndiyo elimu yote niliyoipata kazini, na mpaka leo sijaona mafunzo ya slaidi yaliyoipita. Mkiwa mnakata, nyote mnatazama karatasi, hakuna anayetazamwa. Mtoto akiinua uso kusema neno, na wewe inua wako, umtazame kama unavyomtazama mtu anayekueleza njia ya kwenda Eagan.

Na mengine nitayasema harakaharaka kwa sababu nimeyalipia kwa aibu. Mtoto mwenye kifaa cha kusikia, kaa upande wa sikio linalosikia. Mimi niliwahi kumsimulia msichana hadithi nzima upande mbovu, akacheka mwishoni kwa adabu tu. Na mkitengeneza kofia za karatasi zenye mpira wa kupitisha nyuma ya masikio, ulizeni kwanza mpira utashika wapi. Mimi sikuuliza. Mtoto aliigeuzageuza ile kofia, hakuona pa kuitundika, akaitundika kwenye pua yangu. Pua yangu ina nafasi.

Kuna jambo jingine sikuwaambia watu hata pale kazini. Nusu ya meno yangu ni ya kununua. Yalitengenezwa mahali ambapo nadhani walipima mdomo wa mtu mwingine, kwa hiyo nilijifundisha kucheka nimebana midomo, mabega yakitikisika. Wanafunzi wa kujitolea walisema, Babu Gundi ni mpole, ni mtu wa hekima. Hekima gani, nilikuwa nalinda meno.

Sasa Wanjiru. Huyu alikuwa binti wa Kikenya aliyekuwa akisomea uuguzi, mmoja wa wale wanafunzi waliokuja kwetu kutoka vyuo mbalimbali. Gari lake lilinguruma hata likiwa limezimwa. Mwenyewe alikuwa na moyo mkubwa na simu iliyojaa video za watu wanaotengeneza vitu kwa karatasi. Jumamosi moja ya mwezi Machi akaja na furushi la mirija ya kunywea soda.

"Babu Gundi, leo tunafanya hii," akasema. "Unadondosha rangi kwa karatasi, halafu unapuliza na straw. Inatoka kama matawi ya mti. Ni rahisi sana, watoto wata-enjoy."

Mimi nikaikagua ile mirija kwa macho ya kiprofesa. Nikamwambia, "Endelea, binti. Hewa ni ya bure."

Wanangu, nilikuwa nimekaa na watoto wenye kaakaa lililopasuka miaka yote hiyo, nikijua majina yao na ya mbwa wao, na hilo halikunijia. Kaakaa hata likishonwa, mara nyingine hewa huvuja kupitia puani. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo apulize mrija, anapuliza kwa nguvu zake zote, hewa inatokea juu, na rangi inabaki pale pale kama dimbwi. Meza nzima ilikuwa imevimbisha mashavu. Hakuna tone lililosogea. Wanjiru alisimama na chupa ya rangi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkanyaga paka wa jirani.

Aliyetuokoa ni mvulana mmoja mkorofi. Alitazama mrija, akafikiri, akauelekeza puani, akavuta pumzi kwa mdomo na kupuliza kwa pua. Rangi ya kijani ikakimbia hadi ukingoni. Meza ikalipuka kwa kelele. Kila mtu akataka kuchora kwa pua, na mimi nikiwemo, na kwa kuwa nilivuta pale nilipotakiwa kupuliza, nilipiga chafya ya bluu muda uliobaki wa kliniki.

Mmoja tu ndiye ambaye hakuchora. Huyo ni Furaha, binti wa familia ya Kikongo wanaokaa Crystal, aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka tisa. Furaha alikuwa na desturi moja: akicheka, kiganja kinaruka kuziba mdomo, kama mtu anayefunga mlango kabla kuku hawajaingia. Siku hiyo hata hakucheka. Aliuweka mrija chini taratibu akasema, "Ni kama kwenye keki."

Wanjiru akamuuliza keki gani, Furaha akainua mabega. Maelezo tuliyapata mama yake alipokuja kumchukua.

"Papa Gundi, huyu mutoto amenishinda," Mama Furaha akaniambia. "Siku yake ya kuzaliwa iko Jumamosi inayokuja. Tumeita batu ya kanisa, batoto ya dada yangu bote banakuja. Yeye anasema hataki gato. Sasa mutoto gani hataki gato?"

"Labda anataka keki ya aina nyingine," nikasema.

"Nimeuliza ya shokola, hapana. Nimeuliza ya matunda, hapana. Anasema nipike tu muchele, batu bale, baende."

Wanjiru alikuwa amechuchumaa karibu na Furaha, wote wawili wakibandua gundi vidoleni, na mdomo wa mtoto hufunguka vidole vikiwa na kazi. Furaha akamweleza bila kumtazama. Mwaka uliopita aliipuliza mishumaa yake mbele ya watu wote. Hewa ikatoka puani na mlio. Mishumaa haikutikisika. Akajaribu tena, mlio tena, na watoto wakaanza kucheka. Halafu binamu yake Eliya akajipenyeza, akapuliza mara moja, ikazimika yote, na watu wakampigia Eliya makofi.

"Na mwaka huu ameniambia nisijali," Furaha akasema. "Atasimama karibu."

"Kwani ukifinya pua haiwezi kutoka kwa mdomo?" Wanjiru akauliza.

"Inatoka. Mwalimu wa matamshi alinionyesha. Nyumbani naweza." Akabandua kipande cha mwisho cha gundi. "Lakini mbele ya watu wote wale? Wote watatazama pua yangu. Mimi nataka kuizima mwenyewe, basi. Kama mtu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza, amwache mtoto aendelee kufikiri. Lakini mimi nina cheti.

"Nyote nyamazeni," nikasema, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. "Mishumaa haihitaji mdomo. Mishumaa inahitaji upepeo."

Nikawaeleza kwamba nilipokuwa mtoto Tanga, mimi ndiye niliyepepea jiko la mkaa la mama yangu kwa upepeo wa ukindu, asubuhi na jioni, na kwamba katika mtaa wetu hakukuwa na mkono kama wangu. Nikasema watu walitoka Pangani kuja kuniangalia. Wanjiru akasema, "Ati Pangani?" Nikamwambia asinikatize.

Upepeo niliutengeneza kwa kadibodi na karatasi, nikaukuza kidogo, halafu kidogo tena, mpaka ukakaribia ukubwa wa mlango wa choo. Furaha akaubandika nyota za dhahabu na kuuzungushia mashada ya karatasi nyembamba. Nikamfundisha mkono: kiwiko kikae mbavuni, kiganja kicheze, upepo uingie kwa chini, mfululizo, bila kupumzika. Alishika upesi sana. Macho yake yalikuwa yameanza kurudisha nuru.

Shule ya jioni walitufundisha kwamba wazo lisilojaribiwa ni porojo. Nami nilitaka kujaribu. Lakini ndani ya kliniki huwezi kuwasha hata njiti ya kiberiti, kwa hiyo tulitoka kwenye maegesho ya magari, mimi, Wanjiru, Furaha na mama yake, na mshumaa uliochomekwa kwenye keki ndogo ya kikombe. Ilikuwa Machi ya huku kwetu, Machi inayobisha hodi kwa teke. Wanjiru aliukinga mshumaa kwa koti ukashika. Furaha akapepea. Ukazimika.

"Tena," nikasema.

Ukawashwa, akapepea, ukazimika. Tena, ukazimika. Mara moja ulizimika kabla Furaha hajainua mkono, na hiyo nayo niliihesabu kuwa ushindi wetu.

"Babu," Wanjiru akasema, nywele zake zote zimelala upande mmoja, "hii si ni upepo ya nje tu?"

"Binti, mimi na moto tulijuana kabla mama yako hajazaliwa."

Mama Furaha alipiga makofi. Furaha alicheka, kiganja kikaruka mdomoni, na upepeo ukamponyoka ukapaa na upepo hadi juu ya gari la daktari wa meno. Hata hapo, wanangu, sikushituka. Niliuendea nikiwa najipongeza.

Jumamosi iliyofuata Wanjiru alinichukua na lile gari lake tukaenda kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, Frogtown, si mbali na shule yangu ya jioni. Niliionyesha shule dirishani, akasema, "Najua, Babu, unaionyesha kila siku." Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na wali, samaki, ndizi za kukaanga, sombe ya majani ya muhogo, na kwaya iliyoimba wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa sauti nne kana kwamba Furaha alikuwa anatawazwa. Keki ikaletwa. Mishumaa tisa, na hakukuwa na upepo wowote mle ndani isipokuwa wa watu kupumua. Eliya, mvulana mwenye mashavu mazuri ya kupulizia, alikuwa ameshasimama pembeni ya meza, mashavu yamejaa tayari kama chura aliyepewa habari njema.

Nikatoka na upepeo. Watu wakasema, aa. Nikauinua juu ili nyota zionekane, nikamkabidhi Furaha kama mtu anayekabidhi mwenge. "Kiwiko mbavuni," nikamnong'oneza.

Furaha akapepea, kwa chini, mfululizo, bila kupumzika, kama nilivyomfundisha. Ile mishumaa ikalala yote upande mmoja. Nikaanza kutabasamu. Kisha ikainuka. Ikainuka mirefu, myembamba, yenye furaha, kila mmoja na ulimi wake, ikawa inang'aa kuliko ilivyowashwa. "Ongeza," nikasema. Akaongeza. Nta ikaanza kuchuruzika juu ya keki. Mzee mmoja wa kanisa akavuta kiti chake nyuma.

Ndipo, mbele ya watu wote wale, akili yangu ikarudi Tanga kwenye jiko la mama. Nikajiuliza swali ambalo mtoto wa chekechea angeniuliza pale maegeshoni. Katika miaka yote ile ya kupepea, je, mama aliwahi hata siku moja kunituma nikazime moto? Upepeo ule ni wa kukoleza. Nilikuwa nimetumia ujuzi wa maisha yangu yote kumfundisha mtoto kukoleza mishumaa aliyotaka kuizima.

Shada moja la karatasi likagusa ulimi wa moto, likashika. Nikaurukia upepeo nikauchomeka kwenye beseni la soda na barafu. Watoto walianza kucheka. Eliya akasogea hatua moja.

"Nizime?" akauliza, na sikusikia ubaya ndani yake, ni mvulana tu mwenye mashavu.

Furaha hakumtazama Eliya. Alinitazama mimi, na upepeo uliokuwa ukitiririka soda, jinsi mtu anavyomtazama babu aliyemwaga chai tena. Hakukasirika. Nadhani ndipo alipoona kwamba hakuna aibu ukumbini mle ambayo sikuwa nimeshaichukua mimi.

"Eliya, toa mdomo wako kwenye keki yangu," akasema.

Akainua mkono, akaifinya pua yake kwa vidole viwili, mbele ya kwaya nzima, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapuliza. Mara moja. Tisa yote.

 Mama yake alikuwa ameshika kisu cha keki na hakujua akiweke wapi. Wanjiru alikuwa na simu juu na machozi mashavuni. Kisha mtoto mdogo kabisa wa ukoo ule, anayefika tu kwenye ukingo wa meza, akajifinya pua, akapuliza hewani, akasema, "Na mimi. Washeni tena."

Wakawasha. Akajifinya, akapuliza, mmoja ukazimika. Eliya naye akataka kwa pua iliyofinywa. Baada ya hapo ikawa foleni. Mabinamu, wanakwaya, mchungaji aliyevua miwani kwanza, Mama Furaha mwenyewe akisema, "Ah, njo vile banafanya?" Furaha akasimama kando akiwasahihisha: "Si hivyo. Finya juu kidogo. Usiachie kabla hujamaliza." Keki ile ilipulizwa na kanisa zima, na sikuona mtu aliyekataa kipande chake.

Ikafika zamu yangu, maana nilijiwekea zamu. Nilitaka kurudisha heshima. Nikajifinya pua. Nikavuta hewa yote ya Frogtown. Nikapuliza kama mtu anayetaka kuangusha ukuta wa shule ya jioni, na meno yangu yakatoka.

Hayakudondoka, wanangu. Yaliruka. Yalipita juu ya mshumaa wa kwanza na wa pili, yakatua katikati ya keki, wima, yakiwa yanatabasamu kwa namna ambayo mimi mwenyewe sijawahi kutabasamu.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na nimeishi sana. Mchungaji aliketi sakafuni. Eliya mashavu yake yaliishiwa kabisa. Furaha alicheka mpaka akajikunja, na alipokwisha kujikunja akachukua kitambaa cha mezani, akayachomoa yale meno kutoka kwenye krimu, akayafuta, akanipa.

Picha aliyoipiga Wanjiru wakati huo ninayo. Iko sebuleni, na cheti kimesogea kidogo kuipisha. Furaha yuko mbele, mikono yote miwili imeshika tumbo, kinywa kimefunguka mpaka meno ya nyuma. Nyuma yake kuna mzee mmoja. Katika watu wote mle ukumbini, ni yule mzee peke yake aliyeuziba mdomo wake kwa kiganja. Ilipigwa muda kidogo tu kabla Furaha hajaninyooshea kile kitambaa na kuniambia, kwa Kiswahili safari hii, ili nisije nikasema sikuelewa:

"Toa mkono, Babu Gundi. Tumeshaona."